Kiwanja cha Shule na Gharama Zake

Popote katika West Nile inapotajwa shule mpya ya sekondari, watu hupiga vigelegele kwanza na kuuliza baadaye. Ndivyo ilivyo katika gombolola kama la Ajia, upande wa Vurra katika Wilaya ya Arua, na ndivyo ilivyo Koboko. Furaha hiyo ina sababu. Mwaka 1997 Serikali ya Uganda ilipoanzisha elimu ya msingi kwa wote, idadi ya watoto madarasani iliruka kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 katika muda wa mwaka mmoja. Watoto hao walipomaliza darasa la saba, wengi wao walikwenda kugonga mlango ambao haukuwapo. Mwaka 2007 ukaja mpango wa elimu ya sekondari kwa wote, na sera ya serikali ikawa kwamba kila gombolola liwe na shule yake ya sekondari. Katika miaka iliyofuata 2018 shule zaidi ya mia moja za namna hiyo zilijengwa nchini, kwa fedha ambazo sehemu yake ni mkopo wa Benki ya Dunia, yaani deni ambalo watoto wenyewe watakuja kulilipa.

Vigelegele vikiisha, swali la kwanza huwa: itajengwa wapi? Na la pili: kwa fedha ngapi, na nani azihesabuye? Maswali haya yakiulizwa kwa sauti kubwa kidogo, hapakosi mtu ofisini atakayesema kwamba wanaouliza ni wapinga maendeleo. Kisha simu hupigwa kituo cha polisi. Kwa sababu hiyo jambo hili, ambalo kwa juu juu laonekana kuwa la walimu na madiwani, linawahusu sana askari.

Tuanze na kiwanja. Ibara ya 237 ya Katiba ya 1995 yasema kwamba ardhi ya Uganda ni mali ya raia wa Uganda, na moja ya njia nne za kuimiliki ni ile ya mila. Sehemu kubwa ya ardhi ya Walugbara na Wakakwa inamilikiwa hivyo. Haina hati, ina mipaka inayojulikana kwa miti, vijito na makaburi. Fungu la kujengea shule, kwa kawaida, huhesabu matofali, mabati na saruji, na ardhi yenyewe hutarajiwa kutolewa bure na ukoo, na kanisa au na gombolola. Basi mzee mmoja akisimama mkutanoni akasema, "Tunatoa," ni lazima ijulikane hao wanaotoa ni nani. Je, ndugu zake wamekubali? Wajane wanaolima mihogo katika upande ule wamesikilizwa? Je, wale walio mbali wana habari?

Miongoni mwa walio mbali ni askari. Vijana wengi wa West Nile wamevaa sare tangu siku za King's African Rifles, na tangu 2007 majeshi ya Uganda yamekuwa yakitumikia Somalia pia. Askari anaweza kurudi likizo akakuta msingi wa zege umechimbwa katika shamba aliloachiwa na baba yake, na karatasi yenye alama za vidole vya watu watano ambao yeye angewataja kuwa ni wapangaji tu. Ibara ya 26 ya Katiba imekwisha kusema kwamba serikali ikichukua mali ya mtu kwa manufaa ya umma, fidia ya haki itolewe upesi, na itolewe kabla ya mali kuchukuliwa. Mtu akitoa kwa hiari yake, hilo ni jambo jingine; lakini hiari huandikwa, hupimwa, na hushuhudiwa na majirani wa pande zote nne. Shule isiyo na karatasi hiyo haina kiwanja. Ina ugomvi uliolala, ambao utaamka siku mzee yule atakapofariki.

Kuna na jambo la mipaka ya utawala, ambalo wengi hulisahau. Wilaya ya Arua ya zamani imekatwa mara nyingi: Yumbe ilitoka mwaka 2000, Koboko 2005, Madi-Okollo 2019, na mwaka 2020 zikatoka Terego na Jiji la Arua. Wilaya zikikatwa, magombolola nayo hukatwa. Mahali palipokuwa katikati leo huwa pembeni kesho. Kwa hiyo wazazi wanapouliza kwa nini shule iwekwe penye barabara kuu badala ya kuwekwa penye watu, hawabishi kwa kupenda ubishi. Wanahesabu maili ambazo binti wa miaka kumi na mitatu atatembea alfajiri na magharibi, na kijito atakachovuka wakati wa mvua. Wanauliza pia kama chini ya kiwanja hicho kuna maji. Jengo zuri lisilo na kisima huwafanya wanafunzi kuwa wachota maji.

Sasa gharama. Michoro ya shule hizi ni ile ile nchi nzima, lakini udongo si ule ule, wala umbali si ule ule. Saruji na vyuma vingi hufika Arua baada ya safari ndefu kupitia Karuma na Pakwach. Si ajabu basi kazi moja ikagharimu zaidi Arua kuliko kule karibu na Kampala. Ajabu huanza pale mtu anapouliza tofauti hiyo ni kiasi gani, akanyimwa jibu. Ibara ya 41 ya Katiba imempa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya kuitekeleza ilitungwa mwaka 2005. Mwaka 2009 ofisi ya Waziri Mkuu ilianzisha baraza za wananchi, ambapo maofisa husimama mbele ya umma na kueleza fedha zimeingia kiasi gani na zimekwenda wapi. Hati ya vifaa na bei zake, anayoishika mhandisi wa wilaya, si siri ya ulinzi wa taifa.

Mwaka 2021, zaidi ya hayo, Rais Museveni aliagiza wahandisi wa jeshi wapewe kazi za kujenga shule na vituo vya afya vya serikali. Panapokuwa hivyo, swali la bei humwelekea mtu mwenye sare. Yafaa alijibu kama mhandisi, kwa vipimo na hesabu.

Majirani wa Tanzania wana funzo katika jambo hili. Kuanzia 2006 walijenga shule za sekondari za kata kwa kasi kubwa, wananchi wakichangia mawe, mchanga na nguvu zao. Watoto wengi walipata nafasi, na hilo halikanushiki. Lakini shule nyingi zilifunguliwa bila maabara na bila walimu wa kutosha, na miaka kadhaa baadaye ilibidi michango ianze upya kwa ajili ya maabara. Hayo ndiyo wazazi wa gombolola lolote wanayoyauliza wanapotaka kujua kama bei iliyotajwa ni ya kuta tu, au ni ya shule nzima pamoja na nyumba za walimu na vyoo.

Haki itendeke kwa upande wa pili pia. Si kila aulizaye ana nia safi. Yupo mwenye duka anayetaka shule ihamie kwenye soko lake, na yupo aliyeshindwa katika uchaguzi wa udiwani ambaye shule ya mshindi haimpendezi popote itakapowekwa. Nao maofisa wana saa inayowakimbiza: mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni, na fedha ambazo hazikutumika hurudi Hazina. Ubishi wa miezi sita unaweza kuliponza gombolola zima. Dawa yake ni kuanza kuuliza na kujibu mapema, mwezi wa Julai, na si kuwaita watu mwezi wa Mei waje kupiga makofi.

Na polisi wafanye nini? Tarehe 19 Januari 2015, mjini Nairobi, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirudi kutoka likizo wakakuta ukuta umejengwa kukata uwanja wao wa michezo. Walipousukuma ukuta huo, polisi waliwafyatulia mabomu ya machozi. Watoto wa shule ya msingi! Waziri mhusika aliomba radhi, ofisa aliyeongoza kikosi alisimamishwa kazi, na uwanja ukarudishwa kwa shule. 

Arua ina kumbukumbu nzito kuliko hiyo. Tarehe 24 Juni 1981, katika eneo la misheni na Chuo cha Mtakatifu Yosefu, Ombaci, ambako raia walikuwa wamekimbilia usalama, askari waliwaua watu wengi wasio na silaha. Waliokuwa watoto siku ile ndio wazee wanaokaa leo katika mikutano ya viwanja vya shule. Wanapoona gari la askari likisimama pembeni mwa mkutano, hawaoni gari tu.

Basi ofisa wa kituo akiitwa kwenye mkutano wa namna hii, aulize kwanza nani amelalamika, kosa gani limetendwa, na kiwanja kina karatasi gani. Kubishana na diwani si kosa la jinai. Kutishiana kwa panga ni kosa. Kuiba saruji ya umma ni kosa. Kutia sahihi hati ya kazi ambayo haikufanyika ni kosa, na hayo mawili ya mwisho yanahitaji mpelelezi mwenye subira kuliko yanavyohitaji fimbo. Naye askari aliye likizo kijijini, ambaye ukoo wake una shauri katika kiwanja hicho, aende mkutanoni akiwa amevaa shati la kiraia, akae mkekani pamoja na ndugu zake, na asubiri zamu yake ya kusema.