Programu ya simu nayo huhitaji fundi

(Hotuba ya idara ya maji katika mkutano wa kamati za parokia na wafadhili)



Tumeombwa tueleze kwa nini taarifa za visima hazikufika ofisini kwa miezi mitatu, na kwa nini bajeti ya mwaka huu ina kifungu ambacho hakikuwamo zamani. Tutaeleza yote mawili bila kuficha, maana kosa lilikuwa letu.

Kama mnavyokumbuka, tulipata msaada wa kutengenezewa programu ya simu. Mtunza pampu anafungua simu yake, anaandika kama pampu inatoa maji au imekufa, taarifa inafika ofisini na fundi anatumwa. Kwa miaka kadhaa ilitufaa sana. Siku ya makabidhiano tulikata utepe, tukapiga picha, tukaandika katika ripoti kwamba mradi umekamilika. Hapo ndipo tulipokosea. Hakuna kamati hapa inayoweza kuzindua pampu ya mkono bila kuweka fungu la vipuri. Lakini programu tuliichukulia kama ukuta wa mawe: ukishajengwa, basi.

Programu ya simu imesimama juu ya vitu vya watu wengine, navyo havitulii. Android, inayoendesha simu nyingi za watunza pampu wetu, hutoa toleo jipya karibu kila mwaka, na Google wenye duka la Play Store huwataka watengenezaji waende na matoleo hayo. Tangu tarehe 31 Agosti 2025, programu mpya na marekebisho ya programu za zamani ni lazima viwe vimeandaliwa kwa ajili ya Android 15 au zaidi. Programu iliyoachwa nyuma mno haifutwi kwenye simu ambayo tayari inayo, ila mwenye simu mpya akiitafuta dukani haioni. Sharti hili lina sababu ya haki, kwani matoleo mapya yanamlinda zaidi mwenye simu dhidi ya programu zinazochungulia mambo yake.

Kwetu ilitokea hivyo hivyo. Tuligawa simu mpya kwa watunza pampu ambao simu zao ziliharibika, nao wakaitafuta programu wasiione. Mmoja alitembea saa mbili hadi senta, akidhani shida ni mtandao. Pampu yake ilikuwa imekufa, na watu wa kitongoji kile walirudi kuchota mtoni kwa wiki sita huku sisi ofisini tukiamini kwamba kimya maana yake ni heri.

Tulipotaka kurekebisha, tuligundua kwamba akaunti ya kuweka programu dukani ilifunguliwa kwa jina na baruapepe ya kijana aliyekuwa akijitolea kwetu, ambaye sasa yuko masomoni mbali. Maonyo yote yalikwenda kwenye baruapepe ambayo haikufunguliwa tena. Hatumlaumu. Ni sisi tuliomwambia afungue kwa jina lake, tungebadilisha baadaye. Kufungua akaunti mpya ada yake ni dola 25 tu, tena mara moja. Lakini akaunti ya mtu binafsi iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 hudaiwa programu ijaribiwe kwanza na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo, na akaunti ya taasisi hudaiwa namba maalumu ya utambulisho iitwayo D-U-N-S.

Halafu kuna hilo linaloitwa wingu. Wengine hudhani data zetu zinaelea hewani! Wingu ni kompyuta za watu wengine, zilizo mbali, ambazo sisi ni wapangaji wake. Mwenye nyumba akiamua kufunga, mpangaji huhama. Watengenezaji wengi wa programu walihifadhi data zao kwa Parse, huduma iliyonunuliwa na Facebook mwaka 2013. Januari 2016 ilitangazwa kwamba itafungwa, na Januari 2017 ikafungwa. Tuwe wakweli, waliachia programu ya seva yao bure ili mwenye uwezo ajiendeshee mwenyewe. Heroku nao waliondoa huduma yao ya bure tarehe 28 Novemba 2022.

Wapo waliotuuliza kama akili bandia haiwezi kutuandikia programu nyingine kwa siku moja. Pengine inaweza. Ila haitakumbuka ni nani mwenye neno la siri la akaunti.

Tumeamua kuiacha programu yetu na kutumia ODK, programu huria iliyoanza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, chini ya Gaetano Borriello. Miongoni mwa waliotangulia kuitumia ni AMPATH, magharibi mwa Kenya, ambako washauri walipita nyumba kwa nyumba katika huduma ya upimaji wa VVU. Fomu hujazwa bila mtandao na kutumwa mtandao ukipatikana. Wanaoitunza hufuatana na mabadiliko ya Android kwa niaba ya wote wanaoitumia, nasi tunabaki na kazi ya fomu na seva. Haina nembo yetu wala ya mfadhili, na tunajua hilo litawasikitisha baadhi yenu. Hata sisi lilitusikitisha kidogo.

Kifungu kipya cha bajeti ni kwa ajili ya kodi ya seva na siku mbili za mtaalamu kila robo mwaka, kukagua matangazo na kuweka matoleo mapya. Hakina picha ya kupiga wala utepe wa kukata, na tunawaomba wafadhili wakipitishe hivyo hivyo.

Akaunti zote sasa ni za ofisi. Maneno ya siri yatashikwa na watu wawili, mmoja mtumishi wa idara na mwingine mjumbe wa kamati, kwa hiyo kila parokia ilete pendekezo la jina moja kabla ya kikao kijacho. Kwa parokia ambazo watunza pampu bado hawana simu, endeleeni na daftari. Pikipiki ya idara itapita kulichukua kila Ijumaa.