Kompyuta Mbovu ni Mali ya Chama: Namna ya Kutumia Kisanduku Chake cha Umeme

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Ushirika kwa makatibu na wanachama)



Vyama vyetu vya kahawa, chai na pareto vinapopata kompyuta mpya, zile kuukuu husukumwa stoo pamoja na magunia. Leo napenda tuzungumzie kifaa kimoja kilichomo ndani yake, yaani kile kisanduku cha bati chenye feni ambacho mafundi hukiita pawasaplai. Hupokea umeme wa ukutani wa volti 230 na kuutoa ukiwa mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3. Kikiwa kizima, chaweza kuwa chombo cha mezani cha kujaribia redio, taa za sola na feni ndogo.

Kwanza ni suala la mali. Kompyuta iliyoandikwa katika daftari la mali haifunguliwi kwa amri ya katibu peke yake. Bodi na ijadili, uamuzi uandikwe katika muhtasari kwa kufuata masharti ya chama, na diski yenye hesabu za wanachama itolewe na kuhifadhiwa. Mkaguzi asipoikuta kompyuta wala muhtasari, ataandika upungufu wa mali, hata kama nia ilikuwa njema.

Pili ni uhai. Ndani ya kisanduku mna kapasita zinazoweza kushikilia volti zaidi ya 300 hata baada ya plagi kuchomolewa. Kwa hiyo kifuniko kisifunguliwe. Kazi yote ifanyike kwenye nyaya zilizo nje, plagi ikiwa imechomolewa, na chini ya usimamizi wa fundi mwenye ujuzi. Plagi iwe na waya wa ardhi.

Sasa nyaya zenyewe. Kwa kawaida, mweusi ni hasi, wa manjano ni volti 12, mwekundu ni volti 5, na wa rangi ya chungwa ni volti 3.3. Waya wa kijani ukiunganishwa na mweusi, kisanduku huwaka. Hapo ndipo pa kuweka swichi. Waya wa kahawia, ukiwapo, ubaki umeungana na wa chungwa, kwani ndio unaopeleka habari za volti ndani. Visanduku vingine vya zamani havitulii bila mzigo. Fundi huweka rezista ya omu 10, yenye uwezo wa wati 10, kati ya mwekundu na mweusi. Huchota nusu ya ampea na hupata joto, basi isiguse plastiki. Viwanda vingine hubadili mpangilio wa rangi. Kwa hiyo pimeni kwa mita kabla ya kuamini macho.

Kila njia ya kutolea umeme iwekewe fyuzi, tuseme ya ampea 3. Njia ya volti 12 yaweza kutoa ampea 10 na zaidi, na nyaya nyembamba zikigusana huungua. Nyaya zisizotumika zifungwe ncha kwa tepu ya umeme.

Chombo hiki hakifai kuchaji betri ya gari, kwa kuwa betri ya volti 12 huhitaji takriban volti 14 ili ijae. Tena, mizani nyingi za kidijitali hutumia betri ya volti 6. Ukiipa volti 12 waweza kuiharibu katikati ya msimu. Na mizani iliyokwisha kufanyiwa matengenezo isipime mazao ya mkulima mpaka Wakala wa Vipimo waihakiki upya. Kilo moja inayopotea kwenye kila gunia ni wizi, hata kama hakuna aliyekusudia.

Chama kisicho na fundi kiwaulize walimu wa umeme wa VETA, Mbeya au Iringa. Kazi ikikamilika, chombo kiandikwe katika daftari la mali, kipewe namba, na atajwe mtu wa kukitunza.

Ndugu zangu, kujitegemea ni kujua tulicho nacho, kinafanya kazi gani, na nani anawajibika nacho.