Mvua na Ngitili
(Hotuba ya katekista mbele ya wakulima waliokusanyika kwa Jubilei ya Jimbo)



Sisi tukaao katika nchi ya Shinyanga, chakula chetu chatoka katika mvua. Yaanza mwezi wa Novemba, yakoma Aprili au Mei. Basi kila mara mahindi yanyaukapo twasema, "Mvua imetunyima." Nami nawauliza: ile iliyonyesha, tuliiweka wapi?

Mwaijua ngitili. Ni malisho yenye miti, yanayofungwa mwanzo wa mvua hata kiangazi. Majani yakiisha kwingine, ndipo ng'ombe waingizwapo. Wengi hudhani hiyo ni habari ya wachungaji tu. Sivyo. Ng'ombe aliyeshiba kiangazi ana nguvu za kuvuta jembe mvua ya kwanza inyeshapo. Aliyekonda hawezi; mwenyewe hungoja anenepe, mbegu huchelewa, na jua la Januari au Februari huikuta mimea ingali michanga.

Tena kuna maji yenyewe. Chini ya miti na majani, mvua huzama polepole. Penye ardhi tupu iliyokanyagwa, huteremka kwa nguvu, ikiuchukua mchanga mpaka majarubani huko mbugani.

Tangu miaka ya 1920 miti yetu ilikatwa ili kufukuza mbung'o. Kisha mashamba ya pamba yakaenea. Na watu walipohamishiwa vijijini miaka ya 1970, ngitili nyingi zikakosa wenyewe. Mwaka 1986, kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga ilipoanza, zilizohesabiwa zilikuwa kama hekta 600 tu. Watu wakazifunga tena, na visiki vilivyokuwa hai vikachipua. Kabla ya miaka ishirini kupita, zilizidi hekta 300,000.

Baba yangu alikuwa mmoja wa waliofunga. Lakini aliponiachia ngitili yake, naliifyeka nikapanda pamba. Mwaka wa kwanza nalivuna vizuri, na majirani wakanisifu. Baada ya miaka michache korongo likachimbika, na jaruba la mdogo wangu, lililo chini yangu, likajaa mchanga. Hakunishitaki kwa wazee. Alinichukua mpaka pale, akachota mchanga kwa mkono, akasema, "Kaka, shamba lako limehamia kwangu." Sikuwa na la kujibu.

Ndugu zangu, leo watoto wetu wanaomba mashamba, na ngitili ndiyo ionekanayo kuwa mahali patupu. Sisemi wanyimwe, wao nao wana haki ya kula. Lakini kabla ya kukata, mwenye shamba na ajiulize: maji yatateremkia kwa nani? Na ng'ombe watakula nini mwezi wa Oktoba?

Mimi nimeifunga tena nusu ya ngitili ile. Nusu nyingine nailima kwa matuta yanayokinga mteremko. Korongo lingali lipo. Mdogo wangu amepanda mpunga upande mmoja wa jaruba lake, na upande wa pili tunauzoa mchanga pamoja, kila kiangazi.