Kigae na Mahali Pake



Jana alasiri, jua likiwa limeanza kupunguza ukali, wenyeji wangu walinitembeza katika Boma la Kale, jengo walilolisimamisha Wadachi mwanzoni mwa utawala wao katika mji huu uliokaa juu ya ukingo wa bandari, na ambamo jumuiya ya watu wa Tanga iitwayo Urithi imeweka makumbusho yake; na ingawa vyumba vyake ni vichache, na mtu mwenye haraka aweza kuvimaliza kabla chai yake haijapoa, mimi nilikawia mno mbele ya picha za zamani za mji, hata waliofuatana nami wakaanza kutazama saa zao kwa adabu. Nimekwisha kuingia makumbusho makubwa ya Dar es Salaam, yale yaliyofunguliwa mwaka 1940 kwa jina la mfalme wa Waingereza na ambayo leo ni ya taifa, na sina ila shukrani kwa hifadhi yake. Lakini huko kitu cha Kilwa hukaa nyumba moja na kitu cha Olduvai, na mtazamaji hutoka ameona ajabu nyingi asijue hata moja ilitoka penye upepo gani na udongo gani. Makumbusho madogo ya mahali hayana mali nyingi, ila yana fadhila ambayo makubwa hayawezi kuinunua kwa dhahabu: mahali penyewe pako karibu, na aliyekiona kitu asubuhi aweza jioni kwenda kusimama pale kilipolala miaka mia sita.

Kwa ajili ya onyesho tunalolifungua leo, juu ya meza ile chini ya mwembe walimu wamepanga vitu ambavyo watu walikuwa navyo majumbani mwao, wakavileta kwa hiari baada ya kuombwa: midomo ya vyungu, shanga, vipande vya vioo na vya kaure. Kimoja cha kaure nimekishika mkononi, rangi yake kijani kilichofifia, na ukubwa wake haufiki nusu ya kiganja. Wajuzi wanatueleza kwamba kaure ya namna hii ilichomwa katika matanuu ya Longquan huko Uchina, katika enzi za nasaba za Song, Yuan na Ming, ikapita katika mikono ya wafanyabiashara wengi mpaka Bara Hindi na Ghuba, kisha ikateremshwa na kaskazi kuja kwetu; na kwa kuwa maumbo na rangi za vyombo hivyo zilibadilika kadiri nasaba na mitindo ilivyobadilika, kipande kidogo chaweza kumwambia mjuzi ni katika karne gani ulijengwa ukuta kilipofukuliwa. Sharti ni kwamba kiwe kimefukuliwa katika ukuta unaojulikana na tabaka la udongo linalojulikana. Nilipouliza hiki kilitoka wapi, mwalimu akanisomea karatasi yake: “Kilikuwa kwa bibi.” Na bibi, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikiokota ufukweni, wala hapana aliyesalia wa kutuambia ni ufuko upi. Basi kipande hiki kizuri kimekuwa kama shahidi aliyefika mahakamani akiwa na kumbukumbu ya kila jambo isipokuwa kesi iliyomleta.

Sasa linganisheni na Tongoni. Kiasi cha kilomita 20 kusini ya hapa, upande wa njia iendayo Pangani, zimebaki kuta za msikiti wa karne ya 14 au ya 15, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kandokando yake makaburi zaidi ya 40, mengine yakiwa na nguzo, ingawa nguzo nyingi zimekwisha kuanguka. Kaburi la nguzo ni fani ya pwani hii, utalikuta kutoka nchi za Lamu na Malindi mpaka Kunduchi, na katika mengi wajenzi walipachika mabakuli ya kaure ili yang'ae mbele ya wapitao. Nayo kwa sehemu kubwa yamekwisha kung'olewa, ikabaki miduara mitupu katika chokaa. Sisemi kwamba kipande cha bibi kilikuwa ukingo wa bakuli mojawapo. Nasema kwamba kama kingelikuwa hivyo, leo hatuna njia ya kulijua.

Mji huo Wareno walikuta ukiitwa Mtangata. Vasco da Gama alipokuwa akipanda kwenda Mombasa, Aprili 1498, merikebu yake moja, São Rafael, ilikwama mwambani mbele ya pwani hii, na wenyeji wakaiendea kwa mashua wakiwa na machungwa ambayo mwandishi wa safari ile aliyasifu kuwa bora kuliko ya kwao Ureno. Na mwezi wa Januari 1499, akirejea kutoka Bara Hindi na mabaharia wake wamepungua kwa maradhi hata hawatoshi kuendesha merikebu tatu, akaichoma São Rafael papo hapo, akakaa siku 15, na watu wa Mtangata wakamletea kuku kwa kubadilishana na mashati na vikuku. Machungwa hayaachi kigae, wala kuku haachi nguzo. Karatasi ya Mreno imetuhifadhia biashara ya ufukweni, udongo wa Tongoni umetuhifadhia msikiti ambao Mreno hakuuandika, na mwenye kutaka kuujua mji ule hana budi kuvisikiliza vyote viwili. Ndiyo sababu napenda kuiona siku ambayo habari ya machungwa itabandikwa ukuta mmoja na ramani ya makaburi, katika mji ambao bado wauza machungwa.

Kuna jambo moja ambalo limewagombanisha wataalamu kwa muda mrefu, nami sitalipita kimya, kwa maana lahusu nasaba zetu wenyewe. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipopita pwani hii mwaka 1857, aliandika habari ya kigae cha ukuta chenye herufi za Kiajemi kilichopachikwa katika kaburi la Tongoni, na kwa ushahidi mfano wa huo, pamoja na masimulizi ya Washirazi, wengi waliofuata walikata shauri kwamba miji ya mawe ilijengwa na wageni na kwamba wenyeji walikuwa watazamaji tu. Kisha katika miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton akachimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, akakuta chini ya msikiti wa mawe misikiti mingine midogo, ya kwanza kabisa ikiwa ya miti na udongo, ya mwishoni mwa karne ya 8, katikati ya vyungu vya kienyeji. Na hapa Tanzania Profesa Felix Chami naye ametumia umri wake kuonyesha kwamba mizizi ya miji hii imo katika vijiji vya wakulima na wavuvi wa nchi hii hii. Na mwaka 2023 uchunguzi wa mifupa ya kale ya Mtwapa, Manda, Kilwa na kwingineko ukaonyesha kwamba wengi wa watu wale walikuwa na mama wa Kiafrika na mababa ambao baadhi yao walitoka Uajemi, kuanzia kiasi cha mwaka 1000. Kwa hiyo mzee aliyesema babu yake alitoka Shirazi hakusema uwongo, na mjukuu asemaye mji ni wa wenyeji naye hakukosea. Ila ni udongo uliowapatanisha, baada ya vitabu kushindwa kwa miaka mia na zaidi.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya pwani, na kwamba Mkoa wetu una milima pia. Ni kweli, na huko ndiko hasa makumbusho madogo yanakohitajika. Burton huyo huyo, katika safari ile ile, alipanda Usambara mpaka Vuga, mji mkuu wa Wakilindi, watawala wa Usambara, uliokaa juu ya mlima, alikotawala Kimweri ye Nyumbai, na ambako mmisionari Krapf alikuwa amekwisha kufika kabla yake, mwaka 1848. Vuga haikujengwa kwa mawe ya matumbawe. Nyumba zake zilikuwa za miti, udongo na majani, na kwa hiyo mgeni wa leo anayetafuta magofu kule hupata mashamba. Je, mji usioacha ukuta haukuwa mji? Habari zake tunazo, kwa kuwa Abdallah bin Hemedi aliziandika kwa Kiswahili katika kitabu chake cha Wakilindi, kilichopigwa chapa Magila, hapa jirani yetu, kwa mafungu kati ya 1895 na 1907. Lakini kitabu hutuambia nani alitawala na nani aliasi, hakituambii watu walipikia nini. Hilo limo katika vyungu, na vyungu vya milima ile ni vya kale sana: mwanaakiolojia Robert Soper, alipochimba Kwale upande wa Kenya katika miaka ya 1960, alikuta vyombo vya wafua chuma wa karne za mwanzo baada ya kuzaliwa Nabii Isa, na vya namna hiyo hiyo vikaonekana Usambara na Upare. Yaani zaidi ya miaka elfu kabla ya mihrabu ya Tongoni, watu wa mlimani na watu wa karibu na bahari walikuwa wakifinyanga chungu kimoja. Mimi jambo hili hunistaajabisha kuliko kaure yote ya Uchina, ingawa nakiri kwamba kaure ndiyo wanayoipenda wapiga picha.

Na hapa Raskazone tuliposimama? Usiku wa tarehe 2 Novemba 1914 majeshi ya Waingereza, wengi wao askari kutoka Bara Hindi, jumla yao kama 8,000, walianza kushuka katika ufuko wa ras hii chini ya Jenerali Aitken, na kabla ya siku tatu kwisha walikuwa wamerudi merikebuni wameshindwa na jeshi la Wadachi la Lettow-Vorbeck lililokuwa na watu wapatao elfu moja, walio wengi askari Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa vitabuni kama lilivyoandikwa la mkuu wao. Kila mtoto wa Tanga amesikia habari ya nyuki walioghadhibika wakawatimua wapiganaji. Na wako Waingereza walioapa kwamba nyuki wale walitegwa makusudi na Wadachi. Nyuki nao, kama machungwa, hawachimbuliki. Lakini ganda la risasi huchimbulika, na mahali lilipolala huonyesha nani alisimama wapi na alielekea wapi.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda, kwa umri wake tu, vitu na majengo ya kabla ya mwaka 1863, na inamtaka aliyevumbua kitu cha kale aitoe habari kwa wenye mamlaka. Tongoni imo ndani ya kinga hiyo. Vita vya 1914 viko ng'ambo ya pili ya mwaka ule, havina kinga ya tarehe, na kama sisi wa hapa hatukuviangalia, hapana karani wa mbali atakayeviangalia kwa ajili yetu. Wala tusiwalaumu watoto waokotao. Huokota kwa sababu wameona watu wazima wakiokota, na watu wazima tumeokota kwa kuwa hatukuambiwa kwamba kitu kikihama bila habari yake hupotea ingawa kimo kabatini.

Kwa hiyo sikuleta leo ahadi ya jengo jipya. Nimeleta daftari, liko mezani kwa walimu, lenye mistari ya kuandika kitu, mahali kilipoonekana, kina chake kama kilichimbuliwa, siku, na jina la aliyekiona. Na gharama ya madaftari mengine kwa kila shule ya mwambao kutoka Moa mpaka Kipumbwi, na kwa shule za Vuga, nimeichukua juu yangu. Anayelima akakuta kigae, asikilete mjini: akiache papo hapo, alete habari. Vilivyokwisha kuletwa leo vitabaki Tanga, chini ya ulinzi wa wenye mamlaka ya mambo ya kale, pamoja na karatasi zake, hata zile zisemazo “Kilikuwa kwa bibi.”

Bwana Mwenyekiti, kwa idhini yako, natamka kwamba onyesho hili limefunguliwa rasmi. Basi la Tongoni litaondoka saa nane kamili, nafasi ni chache, na wazee watangulie kupanda.