Kikombe cha Mtoto Ambaye Mamake Hajalipa

Walezi wa vituo vya watoto wadogo vya Kibera na Kawangware, leo mnahitimu.

Nitazungumzia uji. Saa nne asubuhi, kituoni Laini Saba, Kibera, au Gatina, Kawangware, watoto wameketi mkekani nawe umeshika sufuria. Wengi wamelipiwa. Yuko mmoja ambaye mamake alitoka alfajiri kutafuta kibarua cha kufua nguo Lavington, na deni lake limefika wiki. Kikombe chake utakijaza hadi wapi?

Usidhani hakuna anayekuangalia. Mwaka 2011, Marco Schmidt na Jessica Sommerville wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, waliwaonyesha watoto wa miezi 15 video ya mtu akiwagawia wenzake wawili biskuti na maziwa. Mmoja alipopunjwa, watoto walikodoa macho kwa muda mrefu kuliko wawili hao walipopata sawa, kana kwamba wameona jambo wasilolitarajia. Baadaye, mwaka 2017, Sommerville na Talee Ziv hawakuona dalili hiyo kwa watoto wa miezi 6. Kwa watoto waliokuwa wakubwa zaidi, ilionekana zaidi kwa wenye ndugu nyumbani. Mimi sikushangaa. Anayekula sahani moja na kaka zake huanza hesabu mapema.

Kukodoa macho si kuhukumu, nakubali. Safari ni ndefu. Utafiti wa mwaka 2015 katika nchi 7, Uganda ikiwemo, uliwapa watoto wa miaka 4 hadi 15 nafasi ya kukubali au kukataa mgao kati yao na mwenzao. Kila nchi walikuwepo waliokataa kupunjwa, hata kama wote wawili wangekosa. Kukataa kupendelewa kulionekana Marekani, Kanada na hapa jirani Uganda tu, tena kwa watoto wakubwa.

Basi deni la mama lidai jioni, mlangoni, mkiwa watu wazima wawili. Najua bei ya unga na makaa. Uji ukiwa haba, uwe haba kwa wote. Na aliyelala njaa akihitaji nyongeza, mwongeze waziwazi ukiwaeleza wenzake sababu, hata wale ambao hawajaanza kusema. Halafu jamani, nunueni vikombe vya saizi moja. Nimeona vituo ambako kila mtoto ana kikombe chake kutoka nyumbani, na hapo hata mlezi mwenye nia njema hawezi kupima.

Sasa vyeti. Tuanze na walezi wa Gatina.