Tindikali Katika Visima vya Mafuta, na Ulinzi wa Bomba

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nilipotakiwa kuchagua jambo la kuzungumza, ndugu mmoja alinitania akasema, "Wewe karani wa bohari, utatuambia nini ila hesabu ya misumari?" Basi nitaanza bohari kweli, lakini habari yenyewe itatufikisha chini ya ardhi, katika visima vya mafuta.

Zamani, nilipokuwa kijana katika bohari ya karakana moja, nililetewa tindikali ya betri katika chupa kubwa lenye ufa. Nikachelea isimwagike, nikaimimina katika ndoo ya bati, nikaenda zangu nyumbani. Sikuandika neno katika daftari, wala sikubandika karatasi juu ya ndoo. Asubuhi ndoo ilikuwa imetoboka, na mzee aliyekuja kufagia alikanyaga maji yale bila kujua, akaungua nyayo. Nilikatwa mshahara, lakini adhabu iliyoniuma zaidi ilikuwa kumwona mzee yule akichechemea siku nyingi. Tangu siku ile nimependa kujua jinsi watu wanavyoitumia tindikali pasipo kuumia, na ndipo nilipokutana na habari hizi za visima.

Watu wengi hudhani kwamba mafuta hukaa chini ya ardhi kama maji katika ziwa. Sivyo. Hukaa ndani ya vitundu vidogo vya mawe, kama maji yanavyokaa katika sifongo. Vitundu vikiwa vyembamba, au vikizibwa na uchafu, kisima hutoa kidogo, au hufa kabisa, ijapokuwa mafuta yamo tele karibu yake.

Katika mwaka 1896, Herman Frasch, mtaalamu wa kemia aliyezaliwa Ujerumani na kufanya kazi Marekani, alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake. Visima vya Lima, katika jimbo la Ohio, vilikuwa katika mawe ya chokaa. Frasch aliona kwamba tindikali itokanayo na chumvi, iitwayo haidrokloriki, huyeyusha mawe hayo. Ikishindiliwa kisimani, jiwe hugeuka kuwa chumvi ya kalisi iliyoyeyuka katika maji, pamoja na hewa ya kaboni, na njia mpya za mafuta hufunguka. Si kidogo inachokula: galoni 1,000 za Kimarekani za tindikali ya asilimia 15 huyeyusha mawe ya chokaa yapata ratli 1,840, yaani kama kilo 835.

Wazo lilikuwa jema, na visima vilivyojaribiwa viliongeza mafuta. Hata hivyo, baada ya muda mfupi kazi hiyo ililala, ikakaa miaka zaidi ya 30. Miongoni mwa sababu zake ni hii: tindikali haina rafiki. Ilayo jiwe hula na bomba la chuma linaloipeleka chini. Ni faida gani kufungua mwamba huku ukitoboa kisima chako mwenyewe?

Siku ya mambo kugeuka ilikuwa tarehe 11 Februari 1932, katika jimbo la Michigan. Kampuni ya Pure Oil ilikuwa na kisima kisichotoa kitu, na kampuni ya Dow Chemical ilikuwa na tindikali, pamoja na mtaalamu aitwaye John Grebe, aliyejua kwamba dawa ya aseniki ikitiwa kidogo katika tindikali huizuia isile chuma. Wakachukua galoni 500 za tindikali yenye dawa hiyo, wakaiteremsha kisimani kwa mpira wa kumwagilia bustani. Kisima kilichokuwa kimekufa kikatoa mapipa 16 kwa siku. Kabla mwaka ule haujaisha, Dow iliunda kampuni maalumu ya kazi hiyo, ikaiita Dowell.

Sasa angalieni, ndugu zangu. Tindikali ya mwaka 1932 ilikuwa ni ile ile ya Frasch. Kilichoongezwa ni mlinzi. Na mlinzi huyu hafanyi kazi yake kwa kuivunja nguvu tindikali. Laiti angefanya hivyo, mwamba nao usingeyeyuka. Yeye hujishika juu ya chuma, akawa utando mwembamba usioonekana kwa macho, hata tindikali ikapita bila kukigusa sana.

Lakini aseniki nayo ni sumu kwa mwanadamu, na mafuta yenye aseniki huharibu dawa za thamani zitumikazo katika mitambo ya kusafishia mafuta. Kwa hiyo baadaye wataalamu waliiacha, wakatafuta walinzi wengine: dawa za jamii ya amini, na pombe fulani za kemia ambazo hazinyweki kamwe. Kwa mawe ya mchanga ilitakiwa tindikali nyingine, yaani haidrokloriki iliyochanganywa na haidrofloriki, ile ilayo hata kioo. Nayo pia hupewa mlinzi wake.

Tena, kila mlinzi ana saa zake za zamu. Chini sana ardhini joto ni kali, na joto huitia tindikali haraka. Saa zikizidi, utando hulegea, na chuma huanza kuliwa. Kwa sababu hiyo, kabla ya kazi huchukuliwa kipande cha chuma cha namna ile ile ya bomba, kikapimwa uzito, kikatiwa katika tindikali yenye dawa kwa joto la kisima na kwa saa za kazi, kisha kikapimwa tena. Kipimo kilichozoeleka ni kwamba chuma kisipungue zaidi ya ratli 0.05 kwa kila futi mraba, yaani unene wa kama milimita 0.03. Kikizidi, dawa haifai, au joto na saa hazikukadiriwa sawasawa.

Hapo ndipo sisi makarani tunapoingia. Mhandisi hawezi kuiona dawa ndani ya pipa, husoma karatasi. Karatasi ikikosea jina la dawa, au kiasi chake, au siku ilipotengenezwa, tindikali itashuka kisimani bila mlinzi, na hakuna atakayejua mpaka bomba litoboke. Nchi zetu nazo zina visima. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikaanza kufika Dar es Salaam mwaka 2004. Na Uganda ilithibitisha kupata mafuta yake karibu na Ziwa Albert mwaka 2006. Kazi za namna hii zina mapipa ya dawa, na mapipa hayo yana hati zake, na hati hizo hupita mikononi mwa watu kama sisi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba si mali peke yake: nyayo za yule mzee ziliungua kwa ajili ya mstari mmoja ambao sikuuandika. Basi anayepokea chombo chochote cha tindikali na akiandike jina lake siku hiyo hiyo, na kabla hajakimimina popote aulize: je, chombo hiki kitaistahimili?

Mwenye swali na aulize, nitajibu nilijualo.