Nani Anamsemea Mtoto wa Mwaloni?

Kwenye mialo, yaani sehemu za kuoshea na kuchenjulia dhahabu, ya Rwamagasa na Nyarugusu, mkoani Geita, hatua ya mwisho ya kuchenjua dhahabu inafanyika ndani ya beseni. Unga wa mawe uliotoka kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, umeshaoshwa, umebaki mchanga mzito. Zebaki inamiminwa, mkono mtupu unakoroga, chembe za dhahabu zinashikana kuwa donge, na donge linachomwa juu ya mkaa hadi moshi uishe. Wakati mwingine mkono huo ni wa mtoto.

Watafiti wameufahamu mkono huo kwa muda mrefu. Mwaka 2003, chini ya mradi wa zebaki wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, wakazi wa Rwamagasa walipimwa damu, mkojo na nywele. Agosti 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti baada ya kutembelea machimbo 11 ya Geita, Shinyanga na Mbeya na kuhoji watu zaidi ya 200, wakiwemo watoto 61 waliokuwa wakifanya kazi kwenye uchimbaji mdogo. Mada hii inahusu dakika chache za kabla ya sindano kutolewa au daftari kufunguliwa: mtoto anaombwaje, na nani anajibu kwa niaba yake?

Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kamati za maadili ya utafiti hudai ridhaa ya mzazi au mlezi, pamoja na mtoto mwenyewe kukubali kwa kadiri ya umri wake. Kijijini, ambako mama yuko jikoni na baba yuko shambani, utaratibu huo unakwenda. Mwaloni unakwama. Wapo watoto yatima, wapo waliomfuata mjomba, wapo waliotoka kwao peke yao kwa habari za rashi, yaani dhahabu mpya inayokimbiliwa. Mtu mzima anayepatikana haraka ni mwenye karasha, anayemlisha mtoto na kumkalia ujira wake. Kumpa huyo fomu aweke dole gumba ni kumwomba mwajiri ruhusa ya kuchunguza madhara ya kazi yake mwenyewe.

Wapo wanaoona njia salama ni kumwacha mtoto asiye na mzazi. Njia hiyo inamlinda mtafiti. Takwimu zitajaa watoto wenye wazazi wa kuwatetea, na yule anayekoroga zebaki kila siku hatahesabiwa popote. Msimamo wa mada hii ni kwamba aingizwe, ila asimamiwe na mtu asiyekula jasho lake: afisa ustawi wa jamii, au bibi yake atafutwe hata akiwa mbali kama Kishapu. Na mtoto mwenyewe asikilizwe. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto kinampa haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu, na akinyamaza au akainamisha kichwa, isiandikwe kuwa amekubali.

Sheria nyingine zinachanganya zaidi suala la umri wa kuridhia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Tangu marekebisho ya sheria ya UKIMWI ya mwaka 2019, wa miaka 15 anaweza kupima VVU bila kumwuliza mzazi. Utafiti uliofanyika mkoani Shinyanga kuhusu kuwapa fedha wasichana walio nje ya shule ulihusu wa miaka 15 hadi 23. Katika umri huo yumo anayenyonyesha mtoto wake mwenyewe. Kumtuma akalete saini ya baba ni kumdhalilisha.

Siri nayo ina uzito wake. Mwaka 1998 mradi wa afya ya uzazi wa MEMA kwa Vijana uliandikisha vijana 9,645 wa shule za msingi katika wilaya za Mkoa wa Mwanza wa wakati huo, Geita ikiwemo. Miongoni mwa vipimo kulikuwa na cha mimba. Miaka hiyo mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa shule. Mlango wa kurudi ulifunguliwa kwa waraka wa serikali wa Novemba 2021. Kikombe kimoja cha mkojo kikisemwa ovyo kingetosha kumtoa msichana darasani.

Hata hivyo siri haiwezi kuahidiwa yote. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto kunyimwa haki yake azipeleke serikali za mitaa. Mtafiti aseme mapema, kwa Kiswahili cha kawaida au Kisukuma: "Ukiniambia unapigwa, au unashushwa duarani, kwenye shimo la mgodi, itanibidi nimweleze afisa ustawi. Bado unataka tuongee?" Mtoto achague akiwa anajua.

Mwisho ni kile mtoto anachopata kwa kushiriki. Mche wa sabuni wa shukrani hauna ubaya. Kinachouma ni damu inayoondoka isirudi na neno. Watu wakinong'ona "mumiani", mnyonya damu wa uvumi, huwa wamewahi kuona gari likija na chupa tupu na kuondoka na zilizojaa, kisha kimya. Kwa mtoto wa Rwamagasa jibu la kipimo lina kazi ya papo hapo: kumwonyesha anayeishi naye kwamba donge lisichomwe kwenye chumba wanachopikia na kulala. Fomu ya ridhaa iongezwe mistari miwili, tarehe ya kurudisha majibu na jina la atakayerudi nayo, na kamati isipitishe utafiti wowote ambao mistari hiyo iko wazi.